Matone ya Dirishani kwa Syombua

Nduku alinipigia simu nikiwa uani nachambua ndengu, akaniambia kwa sauti yake ile ya matangazo ya kanisani kwamba Syombua amefariki na atazikwa Ijumaa kwao Makueni, ng'ambo ya mji wa Wote. "Uko? Ama network imepotea?" akauliza. Nikamwambia nipo. Naona aibu kuandika nilichofikiri kwanza, lakini nitakiandika. Sikufikiri kwamba mtu amekufa. Nilifikiri: kwa nini Nduku ananipigia mimi, na anajua nini? Ndivyo nilivyo, mtu wa kushuku. Nikiletewa chai naitazama kabla ya kuinywa. Nikisifiwa najiuliza huyu anataka nini. Nimefundisha Sayansi miaka mingi katika shule za msingi za Kitui, na wanafunzi walinipachika jina la Mwalimu Una-Hakika, kwa kuwa hilo ndilo swali langu kwa kila jibu. Watu hudhani tabia hiyo ilinifaa kazini, na pengine ilinifaa. Lakini mwaka ule wa njaa, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, kushuku kwangu kulimla mtu mwingine, na mimi nikabaki mzima.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na kanisa moja lilikuwa limefungua kituo cha kulishia watoto nusu saa kwa miguu kutoka soko la Kyuso. Kulikuwa na banda la mabati lenye mabenchi, jiko la udongo lenye sufuria tatu kubwa, stoo yenye kufuli, na vyumba viwili vilivyoshikana na jiko. Kimoja tulilala mimi na Nduku, aliyekuwa akipima uzito wa watoto. Cha pili alilala Syombua, mpishi. Ukuta kati yetu ulikuwa wa fito na udongo, mwembamba hata tulimsikia akivua viatu, akikohoa, akiomba kwa Kikamba kwa sauti ya chini ambayo sikuweza kushika maneno yake ingawa niliweka sikio ukutani. Ndiyo, niliweka sikio. Chakula chetu kilikuwa kile kile kila siku: muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, ya manjano ya msaada, yenye harufu ya gunia hata uyachemshe namna gani, na ndengu chache za kutukumbusha tu kwamba ndengu bado zipo duniani. Nduku alisema hayo ni mahindi ya ng'ombe za Wazungu, kisha akaomba aongezewe. Watoto walipewa uji wa unga, maziwa ya unga, mafuta na sukari, na sukari ndiyo iliyokuwa kila kitu. Mtoto aliyekwisha kuvimba miguu hugeuza uso akiona kikombe, lakini ukimgusisha utamu mdomoni, anakumbuka kumeza. Madukani sukari ilikuwa imeadimika. Kina mama walikuja mlangoni kuomba kijiko kimoja cha mgonjwa, na tulikuwa na amri ya kukataa. Kwa hiyo mtu wa kuiba sukari ya pale tulimwona mbaya kuliko wezi wote.

Syombua alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, aliyemwacha binti yake Mbithe kwa nyanya. Alikuwa mtu wa Makueni, na kwetu sisi wa kaskazini hilo lilitosha kuwa kosa la kwanza. Kosa la pili lilikuwa kunyamaza. Hakula nasi, aliketi kwenye kizingiti chake akiwa ameelekea ukutani, kikombe chake amekifunika kwa kisahani. "Mtu anayefunika kikombe anaficha nini?" Nduku aliuliza, nami nikaona swali hilo ni la maana sana, ingawa vumbi la mwaka ule liliingia hata kwenye meno. Kosa la tatu lilikuwa mmea. Wachoma makaa walikuwa wameangusha mgunga mkubwa upande wa kule mtoni, na juu ya matawi yake kulikuwa na kichaka cha mmea usiogusa udongo, wenye vishina vinene kama vidole na mizizi myeupe iliyosimama wima kama sindano. Syombua aliubeba pamoja na gogo lake kichwani, akalifunga gogo kwa waya chini ya paa, kando ya dirisha lake. Chuoni baadaye nilikuja kuambiwa kwamba huitwa okidi, na kwamba maua yake ni ya njano yenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Wakati ule niliona tu mwanamke akimwagia maji ya kusuuzia sufuria mmea usioliwa, mwaka ambao mbuzi walikuwa wanakula maboksi. Nilimuuliza ni wa nini. Akasema, "Unakaa juu ya mti, lakini hauuli mti. Mimi nimeupenda tu." Sikumwamini. Nani anapenda tu?

Msimamizi wetu alikuwa mke wa mchungaji. Sote tulimwita Mama Mchungaji, mwanamke wa sauti laini aliyevaa ufunguo wa stoo shingoni kwa kamba ya kiatu. Kila asubuhi alimpimia Syombua sukari ya siku kwa kikombe cha bati. Mwezi wa pili wa kiangazi kile, gunia la sukari lilianza kulegea mapema kuliko vipimo vyake. Tulilitazama mimi na Nduku siku tuliyoingia kutoa unga: lilikuwa limejikunja kiunoni na mdomo wake umefungwa kwa fundo jingine. Kuanzia siku hiyo kila mtu alimtazama mwenzake vidoleni. Nduku alinusa kikombe changu akidhani sioni. Mimi nilimhesabia Syombua safari zake kati ya jiko na chumba. Swali la ni nani mwenye ufunguo halikuulizwa na mtu yeyote, hata mimi ninayejiita mtu wa kushuku. Tulishuku wa chini yetu na wa kando yetu. Kwa wa juu hatukuinua macho.

Mama Mchungaji alikuwa na njia yake ya kukamata wezi wa vitu vitamu, aliyojifunza akiwa msichana kwao, ambako kila nyumba ilikuwa na mizinga ya nyuki. Ukiibiwa asali, alisema, usimfuate mtu, fuata sisimizi. "Mtu atakudanganya, sisimizi hajui uongo." Alikuwa amewahi kumpata mwizi hivyo, na alitusimulia mara nyingi. Basi asubuhi moja akatuita tukamkuta ameinama nyuma ya jiko, kidole kinaonyesha. Mstari mwembamba wa sisimizi weusi ulipanda ukuta, ukapita chini ya paa, ukaingia kwenye gogo la Syombua. Palikuwa na mashina mapya ya maua yanayochipua, na kwenye kila kitumba, pale kinaposhikana na shina, kulikuwa na tone linalong'aa, zito, linalonata. Mengine yalikuwa yamedondoka kwenye kizingiti cha dirisha na kukifanya kiwe kama kimepakwa varnishi. Mama Mchungaji akagusa, vidole vikashikana. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ngai wakwa," Mungu wangu, kwa masikitiko kabisa, na mimi nilisikia raha. Hiyo ndiyo kweli. Nilisikia raha ya mtu aliyekuwa anashuku na sasa anaambiwa hakukosea.

Mkutano ulifanyika bandani saa za uji, kina mama wakiwa kwenye mabenchi na watoto mapajani. Syombua alisimama na mwiko bado mkononi. Aliulizwa sukari ile imefikaje dirishani kwake. "Si sukari, mwaitu," alimjibu Mama Mchungaji kwa heshima, jinsi mtu anavyomjibu mamake. "Ni huo mmea wenyewe unatoa. Kwetu tunauona juu ya miti tukitundika mizinga. Ukitaka kutoa maua unatoa hayo maji matamu, ndio sisimizi wakuje wakae hapo. Wakikaa, wale wadudu wa kula maua hawawezi kusogea. Ni kama kulipa askari." Banda zima likacheka. Nduku alicheka mpaka mizani ikatikisika. "Kwani mmea unaandika watchman?" mama mmoja aliuliza kutoka nyuma, na hata mimi nilicheka, mimi ambaye baadaye ningekuja kuyasema maneno hayo hayo mbele ya ubao mwaka baada ya mwaka, nikichora kitumba, tone na sisimizi kwa chaki, bila kumwambia mwanafunzi hata mmoja niliyapata wapi.

Kicheko kilipoisha Mama Mchungaji akasema, "Mwikali yuko hapa. Si yeye ndio ako na ulimi?" Hapo lazima nieleze. Tangu utotoni nilijulikana kwa kuonja asali. Ungenifumba macho na kunipa tone kidoleni, ningekwambia nyuki walikula maua ya mgunga au ya mbuyu, na kama mtu ameongeza maji ya sukari ili ajaze kibuyu, ningekwambia pia. Wauzaji wa sokoni walinijua na baadhi yao hawakunipenda. Kwa hiyo ombi lile halikuwa la ajabu. Nilitolewa nje hadi dirishani, umati nyuma yangu, nikachukua tone moja kwa kidole na kulitia mdomoni. Lilikuwa tamu. Lakini utamu wa sukari huja mara moja na kuondoka mara moja, na huu ulikuja polepole, mwepesi, kisha ukaacha nyuma ya ulimi ladha ya kitu kibichi, kama ukitafuna jani changa. Nilijua kabla sijameza. Ulimi wangu ulijua vile unavyojua jina langu. Nikageuka nikaona nyuso zote zikiningoja, na Mama Mchungaji ametikisa kichwa kidogo kunitia moyo, na Syombua hana wasiwasi wowote. Hilo ndilo lililoniudhi, kule kutokuwa na wasiwasi. Niliwaza: huyu ana uhakika gani na mimi? Nikasema, "Ni sukari."

Syombua hakulia wala hakunitukana. Alisema, "Onja tena, Mwikali. Polepole." Nikaonja tena. Ladha ilikuwa ile ile, ya jani changa. Nikasema tena ni sukari, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Ile ya kwanza naweza kuisingizia woga na ujana. Ya pili sina pa kuipeleka.

Jumapili jina lake lilitajwa kanisani na akatengwa na meza ya Bwana, na Jumatatu akaondoka na lori la msaada lililokuwa linarudi tupu. Alichukua sufuria yake, kiondo na blanketi. Gogo lilikuwa limefungwa kwa waya mgumu na dereva hakuwa na subira. Nilikuwa mlangoni kwangu nikijifanya kuchambua mchele ambao hatukuwa nao. Aliniita kwa jina, akaniambia, "Huo mmea usiuoshe," akapanda lori. Basi. Nilibaki nikijiuliza kwa nini nisiuoshe. Anaficha nini pale? Mtu mwingine angesikia maneno ya mwanamke anayekipenda kitu chake. Mimi nilisikia mtego.

Mwiko nilipewa mimi, na chumba pia. Nduku alinuna siku tatu. Chumba cha Syombua kilikuwa kitupu kuliko nilivyodhani: msumari wa kutundika nguo, kisahani kimoja chenye ufa, na chini ya kitanda cha fito hakuna chembe ya sukari, ingawa nilipekua hadi kwenye nyufa za ukuta nikiwa na kibiriti. Wiki haijaisha nikaamka nikakuta matone yamejaa tena kwenye vitumba. Sisimizi hao, wamepanga mstari. Sikufikiri kwamba Syombua alisema kweli, sikufikia huko. Nilifikiri kuna mtu amenipakia sukari ili nami nifukuzwe. Nilimshuku Nduku, nikalala na jicho moja dirishani. Hakuja mtu, na asubuhi matone yalikuwepo. Basi nikaanza kuyaosha. Kila alfajiri, kabla Mama Mchungaji hajafika, nililowesha kitambaa nikapangusa kitumba baada ya kitumba, nikasugua kizingiti, nikamwaga majivu kwenye njia ya sisimizi na kupaka waya mafuta ya taa. Nilikuwa ninafuta ushahidi wa wizi ambao haukufanyika, na kwa siku kadhaa nilijiona mjanja.

Kisha wadudu wakaja. Walikuwa weusi, wadogo kuliko punje ya ndengu, wenye mdomo mrefu uliopinda, na walitoboa vitumba vyangu safi kimoja kimoja. Ukikigusa kitumba kinaanguka, ndani mna unga tu. Ndani ya siku kumi mashina yote niliyoyaosha yalikuwa makavu. Lakini lilikuwepo shina moja lililochipukia nyuma ya gogo, juu kabisa chini ya bati, ambalo mkono wangu haukulifikia na sisimizi walilipata kwa kupitia paa. Hilo lilikuwa limejaa matone na limejaa sisimizi, na nilimwona mdudu mmoja wa mdomo mrefu akipanda, sisimizi watatu wakamvamia, akajiangusha chini. Asubuhi moja lilifunguka lote, maua ya njano yenye madoa, yakining'inia juu ya dirisha lile. Nilisimama na kitambaa mkononi. Nililia, si kwa maua. Nililia kwa sababu sasa sikuwa na mtu wa kumshuku isipokuwa mimi.

Nilikwenda kwa Mama Mchungaji siku ile ile. Alinikaribisha sebuleni, kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, akaniletea chai. Nilimweleza yote, matone, wadudu, shina la nyuma, nikamwomba jina la Syombua lisafishwe pale pale lilipochafuliwa. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema kwa sauti yake laini, "Mwikali, si wewe ndio ulionja?" Nikasema ndio. "Mara ngapi?" Nikasema mbili. "Sasa nikisimama kanisani niseme Syombua hakuiba, nitasema nani alidanganya? Na wewe unangoja barua ya chuo, na mchungaji ndiye ataandika kwamba una tabia nzuri. Kunywa chai." Nikanywa. Ilikuwa tamu kupita kiasi, tamu hata meno yaliuma, mwaka ambao soko zima la Kyuso halikuwa na sukari. Sina ushahidi wa chochote. Ulimi wangu nimeukataza kutoa ushahidi. Ninasema tu nilichokunywa. Barua niliipata, mvua ikanyesha, kituo kikafungwa, na mimi nikaenda chuoni, nikiwa na tabia nzuri iliyoandikwa kwa wino wa buluu.

Ungeniuliza kwa nini sikumtafuta miaka yote hiyo, ningekupa sababu nyingi: kazi, watoto, barabara. Zote uongo. Kitui na Makueni ni majirani. Niliogopa tu kwamba ataniambia nionje tena.

Ijumaa tulifika na Nduku wakati wa maombi. Ni nyumba ya matofali yenye mlango wa buluu, na mbele kabisa ya mlango, kwenye nguzo ya veranda ambapo kila mgeni lazima apite, gogo jingine limefungwa kwa waya. Mmea ulikuwa umejaa vishina vinene, mashina ya maua yanachipua, na kwenye kila kitumba tone. Sisimizi walikuwa kazini. Nilisimama pale mpaka Nduku akanisukuma mgongoni. Baada ya mazishi tukaketishwa uani tukagawiwa vikombe, na mwanamke wa umri wa kati, anayefanana na Syombua kwenye kidevu, akapita akimimina chai. Nikajua ni Mbithe, yule binti ambaye mwaka ule alikuwa ameachwa kwa nyanya yake. Nduku, ambaye hajawahi kunyamaza, akauliza, "Na sukari, mama?"

"Pole sana, nyumba hii haina sukari," Mbithe akasema. "Mama hakutaka iingie hapa. Sisi tumekua na chai hivi hivi. Alikuwa anasema nyumba bila sukari hakuna mtu anaweza kuiuliza swali." Akacheka kidogo, akifuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Na huo mmea wake ni lazima uonje. Kila mgeni alikuwa anaonjeshwa. Hata chifu alionjeshwa. Unaonja, halafu unasema ni nini."

Nduku alinitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumshuku. Niliweka kikombe chini, nikatembea hadi kwenye nguzo, watu wakinitazama kama wanavyomtazama kikongwe aliyepotea njia. Nilichukua tone moja kwa kidole. Utamu ulikuja polepole, mwepesi, kisha nyuma ya ulimi jani changa. Nikageuka. Nilitaka kusema mengi, jina langu, Kyuso, mara ya kwanza na mara ya pili. Nikasema tu, kwa sauti iliyosikika hadi kaburini, "Si sukari."

"Ndio," Mbithe akasema, akininyooshea kikombe changu. "Sisi tunajua. Kunywa chai, mama, itapoa."